Ukitaka kupinga jengo la mamilioni, anza mwezi wa nane

Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, ukaanza saa sita na nusu. Ukumbi wa mji wetu una viti vya plastiki vipatavyo mia moja, na siku hiyo watu walijaa hadi kwenye madirisha, kwa sababu habari ilikuwa imeenea sokoni tangu Jumatatu: kaunti inataka kujenga jengo la orofa nne la idara ya barabara na kazi za umma, kwenye kile kiwanja cha nyuma ya steji ambako wauzaji mitumba hutandaza turubai zao. Afisa aliyetoka makao makuu alikuja na nakala moja tu ya makadirio ya bajeti. Aliishika mkononi muda wote, akawa anatusomea nambari za kurasa. Mama mmoja anayeuza mboga aliomba aishike aone ukurasa wa wadi yetu. Akaambiwa asubiri mkutano umalizike. Mkutano ulipomalizika kitabu kilikuwa kimeshaingia garini.

Aliyesema maneno yaliyotuingia wote ni mzee mmoja aliyestaafu udereva wa greda. Alisimama polepole, akavua kofia. "Mheshimiwa, mimi nimeendesha greda miaka ishirini na moja. Greda halilali ofisini. Linalala nje kwenye mvua, pale yadi, na ndiyo maana kila msimu linaharibika. Tujengeeni paa la greda kwanza." Watu wakapiga makofi. Afisa akaandika kitu kwenye daftari, akatushukuru kwa maoni mazuri, tukatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, tukarudi nyumbani. Ilikuwa katikati ya Mei. Mwishoni mwa Juni bajeti ikapitishwa, na jengo lilikuwemo vilevile, halikupunguzwa hata ngazi moja.

Nilikaa na hasira wiki nzima. Baadaye nikaanza kusoma sheria zenyewe, jioni baada ya kazi, kwenye simu, na nikaelewa jambo ambalo ningependa kila mkazi wa mji mdogo nchini Kenya alielewe kabla mtaro wa msingi haujachimbwa kwao. Siku ile tulipopiga makofi ukumbini, sehemu kubwa ya uamuzi ilikuwa imeshafanywa miezi kadhaa nyuma. Tulikuwa tumechelewa, na hakuna aliyetuambia.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa kuwa redio huzungumzia bajeti mwezi wa tano na wa sita, tunadhani ndiyo miezi ya kuamua. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeziwekea kaunti zote 47 mlolongo wa tarehe, na mlolongo huo huanza mapema mno. Kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti lazima iwe imepeleka kwenye bunge lake Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule ambao maafisa huuita ADP. Mpango huo unaorodhesha miradi ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai ijayo, yaani miezi kumi kabla ya shilingi ya kwanza kutumika. Hapo ndipo jengo hupata jina, mahali na gharama yake ya kwanza. Nyuma yake kuna mpango mkubwa wa miaka mitano, CIDP. Wa sasa unahusu 2023 hadi 2027. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inasema wazi kwamba fedha za umma hazitengwi nje ya mipango iliyoidhinishwa na bunge la kaunti. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayetaka kupinga jengo huwa jepesi sana: limo kwenye mpango wa miaka mitano? Limo kwenye mpango wa mwaka? Kama halimo, unayo hoja ya kisheria hata kabla hujataja bei.

Kituo cha pili ni tarehe 28 Februari. Siku hiyo ndiyo ya mwisho kwa kaunti kuwasilisha mkakati wake wa fedha, waraka ambao kwa Kiingereza huitwa kwa kifupi CFSP. Ni waraka mkavu, umejaa majedwali, hauna picha ya jengo wala jina la mtaa, na nadhani ndiyo maana hakuna anayeugombania. Ila kazi yake ni nzito kuliko ya kitabu chochote kingine cha mwaka mzima: unaweka ukomo wa fedha wa kila idara. Idara ya afya kiasi hiki, ya maji kiasi hiki, ya barabara kiasi hiki. Bunge la kaunti lina siku 14 za kuupitisha, pamoja na marekebisho au bila marekebisho. Sheria inaitaka kaunti ichukue maoni ya umma inapouandaa, na mimi sijawahi kusikia kipaza sauti kikipita mtaani kwetu kutuita kwa ajili hiyo.

Kisha tarehe 30 Aprili yanakuja makadirio yenyewe, kile kitabu kinene. Ndicho hutuletea mikutano ya Mei. Na tarehe 30 Juni bunge linakuwa limeshaidhinisha.

Sasa sikiliza fundo lilipo. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema kwamba bunge likibadilisha makadirio, ongezeko au punguzo kwenye fungu la idara lisizidi asilimia 1 ya ukomo wake. Tuchukue mfano wa kufikirika ili hesabu ionekane. Idara ya barabara imewekewa ukomo wa shilingi milioni 600. Ndani yake kuna milioni 80 za awamu ya kwanza ya jengo. Wawakilishi wadi wote, hata wakikubaliana na yule mzee wa greda mmoja baada ya mwingine, hawawezi kutoa zaidi ya milioni 6 kwenye fungu la idara hiyo wakazipeleke kwenye maji au zahanati. Ukomo umeshafungwa Februari. Wanachobaki nacho ni kusukuma fedha ndani ya fungu lile lile: kutoka kwenye jengo kwenda kwenye kalvati, au kwenda kwenye paa la yadi. Laiti ningejua hilo siku ile ukumbini, ningeomba kitu kinachowezekana. Badala ya kusema jengo liondolewe na fedha zije kwenye bomba la maji, ningesema fedha zibaki idara ile ile, ziezeke yadi.

Ndiyo sababu nasema anayetaka kulizuia jengo aanze mwezi wa nane, wakati mpango wa mwaka unaandikwa, na asipolala Septemba basi asilale pia Januari na Februari. Mkutano wa Mei uende, useme, utie sahihi, lakini usiweke matumaini yako yote pale.

Kuna jambo jingine lililonichukua muda kulielewa, nalo linahusu neno "maendeleo". Sheria ile ile ya Usimamizi wa Fedha za Umma inazitaka kaunti, kwa kipindi cha miaka kadhaa, zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa matumizi ya maendeleo. Nia yake ni njema kabisa. Bila kikomo hicho mishahara na safari zingemeza kila kitu. Lakini kihasibu, maendeleo ni kujenga na kununua vitu vya kudumu. Jengo la ofisi za maafisa linaingia kwenye safu hiyo sawasawa na kisima cha kijiji. Dawa za zahanati haziingii. Hizo ni matumizi ya kawaida. Mshahara wa muuguzi hauingii. Mafuta ya greda hayaingii. Kwa hiyo kaunti inaweza kutangaza kwamba imetimiza asilimia 30 yake ya maendeleo, na ikawa inasema kweli tupu, huku sehemu kubwa ya maendeleo hayo ni vyumba, viyoyozi na maegesho ya watumishi wake. Ukisikia takwimu ya maendeleo, uliza ni maendeleo ya nani, na uombe orodha ya miradi kwa majina.

Kuomba orodha ni haki, haina haja ya kujuana na mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 imeeleza namna. Unaandika barua kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria imetaja lugha zote mbili. Huna haja ya kueleza sababu ya kuitaka taarifa. Asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Huwezi kutozwa ada kwa kuomba. Unaweza kulipishwa gharama ya kutoa nakala tu. Wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikaa kimya au wakikataa, unapeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, inayoshughulikia malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Barua uifanye nakala mbili, na nakala yako isitoke pale kabla haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaozungumza siku utakapoambiwa kwamba hakuna aliyewahi kuuliza.

Na uombe nini? Mimi ningeomba ripoti ya upembuzi iliyoonyesha kwamba jengo linahitajika, michoro, makadirio ya mhandisi, na idadi ya watumishi watakaokaa humo. Ukipata ile orodha ya vifaa na bei ambayo mafundi huiita BQ, mpelekee fundi wa ujenzi wa mji wenu. Fundi aliyejenga nyumba za watu miaka kumi anajua bei ya tani ya nondo na ya lori la kokoto kuliko mtu yeyote kwenye meza ile, na atakuonyesha kwa kidole mahali bei imetiwa chumvi. Gawanya jumla kwa mita za mraba. Linganisha na jengo la shule au la benki lililojengwa karibuni mjini kwenu. Hesabu hii mtu wa kidato cha pili anaiweza, nayo ina nguvu kuliko hotuba.

Zipo pia gharama zisizoandikwa kwenye BQ. Jengo likisimama linataka umeme, maji, mlinzi, mfagizi, rangi kila baada ya miaka michache, na lifti ikiwa orofa ni nyingi. Hayo hulipwa kila mwaka kutoka kwenye ile sehemu ya bajeti inayonunua dawa. Tena bei ya mkataba si lazima iwe bei ya mwisho. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu mabadiliko ya mkataba mradi jumla yake isizidi asilimia 25 ya bei ya awali. Jengo la milioni 300, kwa hiyo, linaweza kufikia milioni 375 bila sheria kuvunjwa.

Watetezi wa majengo haya wana hoja moja ya maana, na si haki kuipita kando. Wanasema kaunti inalipa kodi ya nyumba kwa watu binafsi, na jengo lake yenyewe litaokoa fedha hizo. Mara nyingine ni kweli. Inabidi hesabu ifanywe. Kama idara inalipa kodi ya milioni 6 kwa mwaka na jengo linagharimu milioni 300, kodi hiyo ingelipwa miaka 50 kabla ya kulingana na bei ya ujenzi, na bado hujahesabu umeme na ukarabati. Kama kodi ni milioni 40, hoja inabadilika kabisa, na mpinzani mwaminifu atakubali hivyo hadharani. Ukiomba taarifa, omba na mikataba ya kodi.

Na majengo mengine yalihitajika kweli. Ugatuzi ulipoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kaunti nyingi zilirithi ofisi za manispaa na mabaraza ya zamani. Kaunti tano hazikuwa na makao ya maana: Lamu, Tana River, Isiolo, Tharaka-Nithi na Nyandarua. Ikakubaliwa kwamba serikali kuu itoe asilimia 70 ya gharama za makao mapya na kaunti zenyewe asilimia 30. Hakuna mtu mwenye akili timamu angesema Tana River ifanyie kazi chini ya mwembe. Hata hivyo, miaka mingi baada ya ujenzi kuanza, wakaguzi na kamati za Seneti walikuwa bado wanauliza majengo hayo yatakamilika lini. Fedha zilikuja kidogo kidogo, au hazikuja kwa wakati. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi kuliko bei yenyewe. Ikiwa miradi yenye uhitaji wa wazi na mkono wa serikali kuu ilikwama hivyo, orofa nne za mji mdogo zinazotegemea mgao wa kaunti peke yake zitapita wapi? Kaunti haiwezi kukimbilia mkopo kirahisi. Kifungu cha 212 cha Katiba kinataka dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti. Kinachotokea ni kwamba mkandarasi hujenga, anasubiri, anadai, halipwi, anaondoa mafundi. Madeni ya namna hiyo, ukijumlisha kaunti zote, yamepita shilingi bilioni 150. Kila mtu anayesoma haya anakijua kijengo kimoja kilichobaki nguzo na nondo zenye kutu, mbuzi wakipumzika kwenye kivuli chake.

Wakenya wanaoishi Massachusetts, Marekani, watakuwa wameona utaratibu tofauti. Katika miji midogo ya huko, wakazi hukutana katika mkutano wa mji, na mji ukitaka kukopa ili kujenga, mathalani, karakana ya idara ya kazi za umma, lazima theluthi mbili ya wapigakura mkutanoni wakubali. Mkopo ukihitaji kodi ipande kupita kikomo cha asilimia 2.5 kwa mwaka, kikomo kilichopigiwa kura 1980, basi suala hupelekwa tena kwenye masanduku ya kura. Mtu anakataa jengo kwa mkono wake. Kwetu mwananchi hapewi kura hiyo moja kwa moja. Upo mlango wa kura ya maoni ya mahali kwenye kifungu cha 90 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, lakini ombi lazima litiwe sahihi na angalau asilimia 25 ya wapigakura walioandikishwa mahali itakapofanyika. Kwa mji wa wapigakura 12,000 hizo ni sahihi 3,000, na hata hapo sheria inasema kaunti "inaweza" kuitisha, haisemi lazima. Ni njia ndefu. Bora kujua ipo, lakini nisingeanza nayo.

Ningeanza na ombi la kawaida. Katiba, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti inazitaka mamlaka hizo zijibu bila kuchelewa. Ombi linalopelekwa kwa karani wa bunge la kaunti, likiwa na sahihi za watu mia mbili na ukurasa mmoja wa hesabu, linaingia kwenye kumbukumbu za bunge. Kelele za barabarani haziingii. Mtafute pia mtu anayewawakilisha kwenye Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Jukwaa hilo limeundwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, kifungu cha 137, na ndani yake lazima wawemo wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Sisi tuligundua kwamba mmoja wao ana duka la pembejeo mita chache kutoka steji. Alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu yeyote juu ya jukwaa lile.

Mahakama zimetusaidia, kwa kiasi. Mwezi wa nne 2014, katika kesi inayojulikana kwa jina la Gakuru, Jaji George Odunga alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alieleza kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza utaratibu tu, na kwamba kaunti itumie kila njia inayowafikia watu: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za taifa na za lugha za mama. Huko Lamu, tarehe 26 Juni 2019, Mahakama Maalumu ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Lile lilikuwa jambo kubwa mara nyingi kuliko jengo lolote la ofisi, lakini sababu mojawapo inatuhusu moja kwa moja: mikutano iliyofanywa na wananchi ilikuwa ya utangulizi, kabla ya tathmini ya athari kukamilika, na yaliyomo kwenye tathmini hayakurudishwa kwao wayajadili. Kukusanya watu kabla hawajapewa kitu cha kusoma si kuwashirikisha. Nikiikumbuka ile nakala moja iliyoingia garini, naona watu wa Lamu walitupigania na sisi.

Lakini usiende mahakamani ukidhani hakimu atakwambia jengo ni ghali. Hiyo si kazi yake. Mahakama ya Juu mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya BAT, iliweka wazi vigezo vya ushirikishwaji: watu wajue suala lenyewe, wapewe nafasi ya kutosha, maoni yao yazingatiwe kwa dhati. Kuzingatiwa si sawa na kukubaliwa. Kaunti ikikusikiliza kweli, ikatoa sababu, kisha ikajenga, mahakama huenda ikakaa kando. Ndiyo maana hesabu yako na pendekezo lako mbadala vina thamani kuliko wakili.

Pendekezo mbadala ndilo lililotuokoa sisi. Mwaka uliofuata tulikuwa watu saba, tukaanza mwezi wa nane. Barua ya kwanza tuliiandika kwa Kiswahili, kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari, mwalimu mmoja wa hesabu akaipiga chapa. Tulikubaliana mambo mawili tukayashika: hatutaji jina la mtu, na hatutaji ukoo wala chama. Mji mdogo ni mji wa jamaa. Mwakilishi wetu wa wadi ni mtoto wa mtu tunayezikana naye, na siku neno "wezi" litakapotoka kinywani mwenu, nusu ya ukumbi inaacha kufikiria jengo na kuanza kumtetea ndugu. Tulimwendea nyumbani jioni, tukanywa chai yake, tukamwonyesha karatasi.

Taarifa zilipokuja, baada ya kukumbusha mara mbili, tuliona kwamba vyumba vingi vya orofa za juu ni vya maafisa ambao kituo chao cha kazi ni makao makuu, si mjini kwetu. Yule mzee wa greda akachora yadi kwa penseli: paa la mabati refu la kutosha greda mbili na lori tatu, sakafu ya zege yenye mfereji wa kupitishia mafuta machafu, stoo ya vipuri yenye mlango wa chuma, na ofisi ya chini ya vyumba vichache pembeni. Fundi akaikadiria bei. Tukaiambatisha kwenye ombi, tukalipeleka kwa karani wa bunge, nakala kwa kamati ya bajeti, nakala kwa mwenye duka la pembejeo. Februari tulirudi tena, watu wanne tu safari hii, tukakaa nje ya chumba cha kamati tangu asubuhi mpaka tukaitwa. Mzee alipewa dakika tano. Alizungumza tatu.

Hatukushinda kila kitu. Tenda ya jengo ilikuwa haijatangazwa, na mpango ulipopita tena kwenye bunge ulikuwa umebadilishwa: yadi na paa lake vilitangulia, ofisi ikashuka kutoka orofa nne hadi mbili. Bado naona orofa moja ingetosha. Sehemu ya kiwanja cha mitumba imechukuliwa na ua, na wauzaji waliosogezwa hawajapata mahali palipo pazuri kama pale. Hilo linaniuma, maana tulipigania bei tukasahau kupigania nafasi yao hadi tulipokuwa tumechelewa.

Kilichobaki sasa ni kuchungulia bajeti za nyongeza. Kaunti inaruhusiwa na kifungu cha 135 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kubadilisha matumizi katikati ya mwaka, hadi asilimia 10 ya kilichoidhinishwa, na zaidi ya hapo bunge likiona sababu maalumu. Kilichoondolewa Juni kinaweza kurudi Novemba, kwa mistari miwili kwenye jedwali, bila mkutano wowote wa ukumbini. Kwa hiyo tunazunguka kwa zamu. Kwenye kibanda cha mama anayeuza mboga, yule aliyenyimwa kitabu, kuna kalenda ya duka la pembejeo iliyotundikwa juu ya mizani. Amezungushia wino mwekundu tarehe 1 Septemba, 28 Februari na 30 Aprili. Mtu akija kununua sukuma wiki mwezi wa nane, anamuuliza kwanza kama ameshatia sahihi.